Usaili wa Orrin Dahlby

Barua ilifika Jumanne moja katikati ya Januari, pamoja na bili ya gesi na kitabu cha mbegu za bustani. Lenore Dahlby aliifungua akiwa bado na koti lake la kazi, kwa kuwa ndiyo kwanza ametoka kurudisha basi la shule na nyumba ilikuwa haijapata moto. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Vipi?" akauliza mumewe, Orrin, aliyekuwa mezani na bakuli la supu ya viazi.

Lenore akamgeukia kwanza, uso kwa uso, ndipo akajibu. "Usaili. Mwongozaji mpya wa michezo ya kiangazi anataka kila mtu aitwe upya. Hata sisi."

"Sisi?"

"Wapya na wa zamani, imeandikwa hapa. Februari kumi na nne, ukumbi wa chini wa kanisa. Kila mtu aandae hotuba moja, halafu atasoma na mwenzake atakayepangiwa hapohapo."

Orrin akacheka mpaka kijiko kikagonga bakuli. Viangazi ishirini na viwili alikuwa amepanda lile jukwaa la mbao juu ya kilima cha Ostby, akasema mashairi ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita mbele ya hadhira ya mabenchini, nusu yao wanamsikiliza na nusu wanapigana na mbu. Amekuwa mfalme mara saba. Watu wa mji, wakimkuta kwenye foleni ya benki, humpisha.

"Huyo mwongozaji ana miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi nilipovaa taji mara ya kwanza alikuwa bado anabeba mkoba wa shule."

Dirishani alikaa Hulda, mama yake Lenore, miaka themanini na sita, na fumbo la maneno mapajani. Alikuwa na vifaa viwili vya kusikia, kimoja kila sikio, na ulimi usiohitaji kifaa chochote. Akasema bila kuinua macho, "Zipu yako iko wazi, mfalme."

"Supu iko sawa, Mama. Imepungukiwa chumvi kidogo tu."

Hulda akamtazama bintiye. Lenore akatazama kwingine.

Orrin hakuwa kiziwi. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Ukikaa mbele yake, chumba kikiwa kimya, ukasema kwa sauti nzito, mtaelewana. Lakini sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka moja moja: kwanza kengele ya tanuri, halafu watoto wa jirani, halafu karibu wanawake wote. Juu ya kilima, penye upepo na nyenje, hakusikia neno lolote la mtu aliyesimama nyuma yake. Na bado katika viangazi vitatu vilivyopita hakuwahi kukosa zamu yake hata moja, kwa sababu Lenore alikuwa kando yake kila mara. Kama ni mfalme, yeye ni mjakazi mwenye jagi. Kama ni hakimu, yeye ni mwanamke anayefagia. Zamu ikifika, humgusa kiwiko, au huhamisha jagi mkono wa pili. Wenzao katika kikundi waliwaita njiwa wa mlimani, kwa jinsi wasivyoachana. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

"Atakayepangiwa hapohapo," Lenore akarudia, akikunja barua. "Umeielewa hiyo, Orrin?"

"Nimeielewa."

"Si mimi."

"Nimesema nimeielewa."

*

Wiki nne zilizofuata Orrin alifanya mazoezi ya hotuba yake gereji, kati ya gari na rafu ya rangi. Ilikuwa ya mfalme aliyemfungia ndugu yake lango la mji wakati wa theluji, na aliijua kama jina lake. Hotuba haikumtia hofu. Mwenye kusema hotuba hamsikilizi mtu.

Lenore alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alisema wakiwa wanakunja nguo. "Kuna kliniki ya masikio mjini. Wanapima kwa saa moja tu."

"Halafu?"

"Halafu unajua ulipo."

"Najua nilipo. Niko chumba cha kufulia." Akakunja shati. "Lenore, mfanyie mtu anayegawa nafasi hesabu nyepesi. Ana wazee watatu wa kuwa mfalme. Mmoja ana vitu masikioni. Atamchukua yupi?"

"Waambie ukweli, pengine—"

"Wewe unaendesha basi. Macho yako yakianza kuingia ukungu, utaenda kumwambia msimamizi wako, 'Bwana, pengine'?"

"Ningemwambia. Kuna watoto ndani."

Orrin akachukua shati jingine. Hakuwa amelitazamia jibu hilo. Mara ya pili Lenore alipogusia jambo lile, Orrin aliondoka mezani. Kwa hiyo Lenore akaacha, na akamwahidi, kwa kuwa aliombwa, kwamba hatasema kwa mtu.

Asubuhi ya usaili, Orrin akiwa anafuta theluji kwenye kioo cha gari, Hulda alimgongea dirisha arudi ndani. Alikuwa ameshatoa vifaa vyake, vimo kiganjani, rangi ya nyama, vidogo kama maharagwe.

"Chukua," akasema. Bila vifaa alikuwa akipiga kelele. "Mimi leo sina mtu wa kusikiliza. Nina fumbo langu tu."

"Mama, hivyo ni vyako. Vimetengenezwa kwa masikio yako."

"Sikusikii, hata usijisumbue. Chukua."

Orrin akasimama na buti zake zinadondosha maji sakafuni. Walikuwa wamegombana na huyu mama miaka minane, tangu alipohamia kwao na masanduku mawili na maoni yake. Akavichukua. Akashindwa kuvivaa, na yule kikongwe akavuta kichwa chake chini kama cha mtoto anayefungwa kofia, akavisukuma ndani kimoja kimoja. Vilikuwa vidogo mno, lakini vilikaa.

"Usitikise kichwa," akafoka Hulda. "Wafalme hawatikisi kichwa."

*

Ukumbi wa chini wa kanisa ulinuka kahawa na soksi zilizolowa. Watu kama hamsini walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, wengi wao vijana wa kutoka Chicago na Minneapolis waliolala motelini, midomo inacheza wakirudia mistari kimoyomoyo. Mezani alikuwa mwanamke wa ofisi ambaye Orrin hakumfahamu. Akampa karatasi yenye namba 31 na pini mbili.

"Jina lako linaandikwaje?"

Orrin akaandika mwenyewe.

"Una uzoefu wa kuigiza nje, Bwana Dahlby?"

Vifaa vya Hulda vilikuwa vinamletea kila kitu kwa pamoja: feni ya kupasha joto, viti, vikombe, mtu anayekohoa. Katika vurugu ile akaokota neno moja. "Nje?" akasema. "Nje theluji imezidi, lakini barabara kuu wameshaisafisha."

Yule mwanamke akatabasamu kwa adabu, akaandika kitu. Kijana mmoja kwenye foleni akacheka, akidhani mzee anafanya mzaha. Lenore akabandika namba yake, 32, akamshika mume wake mkono wakaenda kukaa.

Walipoita thelathini na moja, Orrin aliingia chumba cha ndani peke yake. Lenore akasogea mpaka kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba na kila kitu kilisikika.

Alisikia hotuba yote. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Sauti ya Orrin ilikuwa bado ile ile aliyoipenda akiwa na miaka ishirini na sita, sauti ya kina ambayo haikupanda bali ilijaza chumba kutoka chini.

"*Lango nimelifunga, na ufunguo nimeumeza;*
*atakaye kuingia, apasue tumbo langu.*"

Vijana nje wakaacha kutikisa midomo. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ni nani huyo?"

Ndani, mwongozaji alikaa nyuma ya meza ya kukunja. Aliitwa Renata Quist, mwanamke mrefu aliyevaa sweta mbili, na alikuwa ameacha kuandika. "Asante," akasema. "Hiyo ilikuwa safi sana. Sasa tusome onyesho la pili. Keziah atasoma Mjane."

Keziah Trumbull alikuwa na miaka ishirini na mitatu na sauti kama ya filimbi. Alianza vizuri, akimtazama Orrin usoni, na Orrin akajibu. Mara mbili, mara tatu, wakaenda sawa. Kisha, kama alivyofundishwa chuoni, Keziah akamgeuzia mgongo mfalme asiyestahili kutazamwa, akasema mistari yake minne kuelekea ukutani. Akamaliza. Akangoja.

Orrin naye akangoja. Alikuwa anatazama mabega ya yule binti aone kama yanacheza. Feni ikavuma. Keziah akarudia neno la mwisho kwa nguvu kidogo. Orrin akainamisha kichwa ili alikamate, na kifaa cha sikio la kushoto, kikiwa kimelegea, kikapiga mluzi mrefu kama birika.

Renata, Keziah na msaidizi aliyekaa pembeni wakatazama dari kutafuta king'ora. Orrin hakuusikia mluzi; ulikuwa juu mno kwa masikio yake. Aliona tu nyuso zimeinuka, akainua wa kwake pia.

Renata alisubiri ukome. Halafu akasema kwa upole, "Si kitu. Rudi kwenye mlango, uingie tena."

Orrin akaitikia kwa kichwa. Alisikia "mwanzo." Akavuta pumzi, akatulia, akaanza tena hotuba yake yote, tangu lango na ufunguo, mistari thelathini na nane. Keziah alifungua mdomo amkatize, lakini Renata akamzuia kwa kidole. Wakamwacha aseme mpaka mwisho. Upande wa pili wa mlango Lenore alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake.

"Asante, Bwana Dahlby," akasema Renata.

"Niite Orrin," akasema Orrin, akatoka akitabasamu.

*

Lenore aliposoma, alisoma Mjane. Hakuwa ameomba, Renata alimpa karatasi tu, akamwambia asome bila kujali. Labda kwa sababu ya kile alichokuwa amekisikia mlangoni, hakuigiza sana. Alimwambia yule mfalme wa kuwaziwa kwamba mumewe ameganda nje ya lango na kwamba yeye hakuja kulia, amekuja kuomba machela. Keziah, aliyekuwa akimsomea upande wa mfalme, alikosa mstari wake kwa kumwangalia.

Renata akawaomba wengine watoke.

"Nimesoma faili lako," akasema. "Mjakazi. Mfagiaji. Mjakazi. Mwanamke wa pili. Mjakazi. Kwa nini?"

"Ndizo nafasi nilizopewa."

"Sivyo. Miaka miwili iliyopita mwongozaji aliyenitangulia alikupa nafasi ya malkia, imeandikwa hapa. Na hapa imeandikwa umekataa."

Lenore akatazama mikono yake.

"Nikuulize jingine, na unaweza usijibu," Renata akaendelea. "Mume wako hasikii. Au nimekosea?"

Ahadi ilikuwa na wiki tatu tu. Lenore aliifikiria. Alifikiria pia ngazi za jukwaa, zilizo wima na zisizo na vishikio, na mapambano ya panga katika onyesho la tano, ambapo mtu hupaza sauti kutoka nyuma ili mwenzake ainame.

"Hasikii," akasema. "Viangazi vitatu mimi ndiye nilikuwa nasikia."

"Kwenye mapigano pia?"

"Nilikuwa namkoholea. Kikohozi kinene ndicho kinamfikia."

Renata akafumba macho kidogo. "Mungu wangu," akasema, si kwa hasira. "Siwezi kumpa upanga, Lenore. Wala siwezi kumpandisha zile ngazi. Nikifanya hivyo mtu ataumia, na anaweza kuwa yeye." Kisha akasema kile ambacho Lenore alikuwa amekingoja miaka mingi, na ambacho sasa hakujua akipokee kwa mkono gani. "Mjane ni wako, ukimtaka. Nipe jibu baada ya wiki."

*

Njiani Lenore aliendesha. Orrin alikuwa amevua vifaa vya Hulda na kuvifunga kwenye leso, na furaha yake ilijaza gari.

"Ulisikia? Alinirudisha mwanzo! Mwongozaji hakurudishi mwanzo kama hajapendezwa. Wangapi amewarudisha? Hakuna. Yule binti alikuwa anapwaya kidogo, lakini atajifunza. Nitamsaidia."

Lenore akapita kiwanda cha jibini, akapita duka la matrekta. Kwenye uwanja wa kituo cha mafuta akaingia, akazima injini, akamgeukia.

"Orrin. Hakusema mwanzo. Alisema mlango. Alitaka uingie tena tu."

Mwanzoni hakuelewa. Lenore akarudia, polepole, midomo wazi. Aliona lile jambo likimshukia kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua ya daktari.

"Mistari thelathini na nane," akasema Orrin.

"Ndiyo."

"Mbele yao wote."

"Ndiyo. Na kuna jingine. Aliniuliza kuhusu masikio yako, nikamwambia kweli."

Lori la maziwa likaingia, dereva akashuka, akaanza kujaza mafuta. Orrin alimtazama yule dereva muda mrefu kana kwamba ndiye aliyekuwa akizungumza naye.

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Mtu niliyekula naye meza moja miaka thelathini na minne."

"Ndiyo, mimi huyohuyo!" Sauti ya Lenore ikapanda, na kwa mara ya kwanza hakujali kama inasikika au haisikiki. "Mimi niliyebeba jagi viangazi vitatu. Unajua nilipewa nini kiangazi cha juzi? Unajua nilikataa nini nikasema mgongo unaniuma? Hukujua, maana nilikuambia nikiwa nyuma yako."

Orrin alikuwa ameona midomo ikienda upesi lakini maneno mengi yalimpita. "Sema tena," akaomba. "Hayo ya mwisho."

"Hapana," akasema Lenore, akawasha gari.

*

Siku kumi nyumba ile ilikuwa na adabu ya hotelini. Walisema tafadhali na asante. Lenore aliandika jibu lake kwa Renata mezani mchana kweupe, Orrin akiwepo, akabandika stempu, akaipeleka kwenye sanduku la barua barabarani, akainua kile kibendera chekundu cha kumwita mtu wa posta. Orrin alimwona kupitia dirishani. Hakumuuliza.

Wakati wa baridi Orrin aliuza katika duka la vifaa vya ujenzi la mjini. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu wa sauti yake. Wateja walipenda kuambiwa habari za skrubu kwa namna ile. Alhamisi ya mwisho wa Februari aliingia Burdette Lunde, mkulima mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, akaomba kitu huku akipangusa pua kwa leso. Orrin akaenda nyuma, akakaa dakika nzima, akarudi na boksi.

Burdette akalitazama. "Hii ni nini?"

"Ulichoomba. Inchi tatu ndizo fupi kabisa."

"Nimeomba misumari, Orrin. Hii ni mishumaa." Akaligeuza boksi kuwaonyesha waliokuwa kwenye foleni. "Nikapigilie paa la banda kwa mishumaa? Ng'ombe wangu wanakula kwa taa ya umeme siku hizi!"

Foleni ikacheka, na Orrin akacheka nao. Alijua namna ya kucheka na hadhira. Lakini mwenye duka hakucheka. Alikuja pole pole, akamwekea Orrin mkono begani, akasema karibu na uso wake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyafikiria haya siku nyingi, "Ondoka kaunta kidogo, upumzike. Kapange rangi kule nyuma. Kule hakuna mtu wa kukusumbua."

Orrin akapanga makopo ya rangi mpaka saa kumi. Akarudi nyumbani, akamkuta Lenore anamenya viazi. Akavuta kiti, akakaa mbele yake kabisa, magoti yao yanakaribia kugusana.

"Kile kiangazi cha juzi," akasema. "Ulikataa nafasi gani?"

Lenore akaweka kisu chini. "Malkia. Yule anayekuja mwisho na kuwasamehe wote."

"Ile aliyocheza Doris?"

"Ile."

"Doris alikuwa mbovu."

"Alikuwa mbovu sana."

Orrin aliokota ganda la kiazi lililoanguka, akalitia ndooni. "Wapigie simu hao wa kliniki," akasema. "Mimi kwenye simu siwasikii."

*

Mpimaji alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyemkalisha kwenye kibanda cha kioo, akamvisha vipokea sauti, akampa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Orrin alibonyeza vizuri sana. Alibonyeza vizuri kupita kiasi. Baada ya dakika tano mpimaji akafungua mlango wa kibanda.

"Bwana Dahlby, unatazama bega langu kwenye kile kioo. Linatikisika kila ninapogusa swichi, sivyo?"

Orrin akatabasamu. "Kidogo."

"Nimewapima wachungaji, nimewapima wauza magari. Wewe unafanya kazi gani?"

"Mwigizaji."

"Nilijua tu." Akamvua vipokea sauti, akawasha spika, akageuza kiti mpaka Orrin akawa anatazama ukuta mtupu. "Tuanze upya. Hapa hakuna wa kumfurahisha."

Safari hii kilipita kimya kirefu, na kidole cha Orrin kilikaa juu ya kitufe bila kazi. Alielewa akiwa anatazama ule ukuta kwamba milio ilikuwa inapita, mmoja baada ya mwingine, na kwamba kila mtu aliyekuwa upande wa pili wa kioo alikuwa anaisikia. Lenore, aliyekaa kwenye kona ya chumba, aliisikia. Aliacha kuihesabu.

Bima haikulipia vifaa. Orrin aliuza kile kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, pamoja na keekee yake ya kutobolea barafu na jiko dogo la mafuta, kwa Burdette Lunde, ambaye safari hii hakutania na aliongeza dola hamsini bila kuombwa. Kiasi kilichobaki walikitoa kwenye akiba. Katikati ya Machi Orrin alirudi nyumbani akiwa na masikio mapya, na siku tatu za kwanza hakufanya kingine ila kulalamika. Friji ilikuwa inanguruma. Karatasi zilikuwa zinapasuka. Nani aliweka saa hii ukutani, na kwa nini?

Siku ya nne alimfuata Lenore gereji, ameduwaa.

"Mama yako ananitukana."

"Nini?"

"Kila asubuhi. Ninapopita na kahawa. Chini chini. Leo ameniita gogo la kuni."

Lenore akafungua mlango wa jikoni. "Mama, ni kweli?"

"Miaka minane," akasema Hulda kutoka dirishani, bila kuinua macho kwenye fumbo lake. "Karibu nyumbani, mkwe."

*

Aprili, theluji ilipokwisha kilimani na kubaki matope tu, Orrin alipanda peke yake. Hakumwambia Lenore, si kwa kuficha. Alitaka asiwepo mtu wa kumkoholea. Renata Quist alikuwa jukwaani na seremala, wanapima mbao zilizooza.

"Nafasi zote zimejaa, Orrin," akasema kabla hajaulizwa. "Mfalme nimempata Milwaukee. Pole."

"Nimesikia." Akageuza kichwa ili Renata aone masikio yake, jambo lililomgharimu kuliko kibanda cha samaki. "Nimekuja kusomewa tena. Ukiona sifai, nitashuka."

Renata akamtazama. Kisha akamwacha hapo, akapanda katikati ya mabenchi mpaka safu ya juu kabisa, huku amemwambia ageuke atazame miti. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mtoni. Renata akasoma mstari kutoka kwenye skripti, kwa sauti ya kawaida.

Orrin akajibu mstari unaofuata. Akasomewa wa pili, akajibu. Wa tatu ulifika vipande vipande. Upepo uliingia kwenye vifaa kama mchanga, na kati ya mchanga yalitoka maneno mawili, pengine matatu. Alijua hotuba hii tangu ujana wake. Angeweza kubahatisha, na pengine angepatia. Seremala alikuwa ameacha kupima, anamtazama.

"Sikusikia," akasema Orrin kwa miti. Akasema tena kwa nguvu, ili asikike mpaka safu ya juu. "Huo sikusikia. Rudia, tafadhali."

Renata akarudia. Orrin akajibu.

Walifanya hivyo nusu saa. Alikosa mitano kati ya ishirini, na mara zote tano alisema amekosa. Renata akashuka, viatu vyake vimejaa matope, akakaa ukingoni mwa jukwaa.

"Kuna mlinzi," akasema. "Onyesho la kwanza. Hana upanga wala hapandi ngazi. Anafungua lango, anamruhusu Mjane apite, anamwambia mambo mawili matatu, basi. Kijana niliyempa amepata kazi ya televisheni." Akasita. "Ina mistari minne, Orrin. Malipo ni ya mistari minne."

"Minne."

"Minne."

Orrin akatazama jukwaa: mbao mpya nyeupe katikati ya zile kuukuu, nguzo mbili mahali lango litakapokuwa, na njia ya wafalme inayoingilia katikati, ambayo miguu yake iliijua hata gizani. Akapanda mbao mbili tatu, akasimama kando ya nguzo ya kulia, akahamia ya kushoto.

"Huyo mlinzi," akauliza, "anaingilia upande gani?"